Kompyuta Iliyoanikwa na Magodoro

Mama mdogo hakunipigia simu kuniomba. Alinipigia kunigombeza.

"Wewe si fundi kompyuta huko Mbeya? Watu wote unawatengenezea, ya kwangu inakufa unaangalia tu?"

Nikamwambia, shikamoo kwanza, mama.

"Marahaba. Panda basi." Akakata simu.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa wimbo. Kwaya yao ya Kihesa ilikuwa inakwenda Kalenga Jumapili kuimba na kwaya nyingine, na wimbo waliouchagua ni wa zamani, ambao mama mdogo ndiye aliyekuwa akiuongoza alipokuwa bado na sauti. Mwalimu wa kwaya anasema pale mwishoni sauti ya kwanza inashuka. Mama mdogo anasema inapanda. Wamebishana mpaka kwaya imegawanyika, na vijana wanacheka pembeni, maana siku hizi sauti ya mama mdogo inakwaruza kama mashine ya kukoboa mahindi, na hawaamini kama aliwahi kuimba sauti ya kwanza hata siku moja. Hilo ndilo lililomuuma hasa. Ushahidi uko kwenye kompyuta yake ya zamani, ambamo wimbo ule ulihamishiwa kutoka kwenye kanda, lakini kompyuta ikiucheza inakatakata, halafu inaganda kabla ya kufika mwisho. Mwalimu ametoa kauli: wimbo usiposikika mpaka Jumamosi jioni, wataimba anavyofundisha yeye.

Nilifika Ijumaa, nimechoka, nikala nikalala. Asubuhi naamka, mezani kompyuta haipo. Nikajua tumeibiwa. Kutoka nje, naikuta uani juu ya mkeka, katikati ya magodoro mawili, imeligeuzia jua mgongo.

"Mama, hii nini?"

"Naianika. Nyumba hii ina unyevu, hujui? Kila Jumamosi inatoka na magodoro."

Jamani! Nilitamani kulia. "Mama, kompyuta siyo godoro!"

"Ndiyo maana haijaota ukungu mpaka leo. Za umri wake huko kwenu Mbeya ziko wapi?"

Ziko jalalani, zote. Nikaomba bisibisi.

Nikaifungua palepale uani. Ndani ilikuwa safi kuliko mashine nyingi za maofisini, ila ule waya bapa unaoingia kwenye diski ulikuwa umechomoka nusu, kwa kubebwa na kutuliwa kila wiki. Hapo nikaelewa kila kitu. Mifumo ile ya zamani ina tabia ya kununa: diski ikikosea kusoma mara kadhaa, mfumo unaitoa kwenye njia ya haraka na kuipeleka kwenye njia ya polepole, ambako prosesa, ule ubongo wa mashine, inabeba kila kitu yenyewe, kidogo kidogo. Na hata ukiutengeneza waya, mfumo hausamehe, unabaki umenuna. Ndiyo sababu wimbo ulikuwa unakatakata. Diski yenyewe ilikuwa nzima kabisa.

Nikaukaza waya, nikairudisha mashine mezani, nikaingia kwenye orodha ya vifaa na kuifuta njia ya diski, kisha nikazima na kuwasha ili mfumo uitambue upya. Ikawaka kwa haraka, mpaka mama mdogo akarudi nyuma hatua moja. Halafu nikaiachia iyapange mafaili, kwa sababu wimbo ulikuwa umetawanyika vipande vipande diski nzima. Wakati inapanga tulikula ugali na majani ya maboga, yeye macho kwenye kioo, akifuatilia mistari ya rangi inavyosogea.

"Inafanya usafi," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nifike kumwona ameridhika na jambo lolote nililofanya.

Jioni mwalimu akaja, na vijana wake wanne au watano nyuma, wameshaanza kukonyezana mlangoni. Mama mdogo alikuwa amefunga kitenge kipya. Nikabonyeza.

Wimbo ukatoka bila kukwama hata mara moja, na juu ya sauti zote ikasimama sauti ya msichana, nyembamba, imenyooka, haina wasiwasi na mtu. Vijana wakaacha kukonyezana. Nami nilimjua mama mdogo maisha yangu yote, lakini huyu nilikuwa sijawahi kumsikia. Tukapita pale ilipokuwa inaganda siku zote. Tukafika mwisho. Sauti ikapumzika kidogo, halafu ikashuka, taratibu, mpaka chini kabisa.

Nikaogopa kumwangalia. Mwalimu naye, Mungu ambariki, alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Imeshuka," mama mdogo akasema. Machozi yalikuwa yanamtiririka, hakuyafuta.

"Pole, mama," akasema mwalimu.

"Pole ya nini? Wewe umesikia sauti yangu ilivyoshuka?"