Kaburi Chini ya Tope

Mama yule alinikuta ofisini siku niliyorudi kutoka Muhoroni, ambako nilikuwa nimepima mashamba ya miwa wiki nzima. Magoti yalikuwa yakiniuma hata kushuka ngazi nilishuka kwa upande. Sikutaka kazi nyingine. Alikaa kwenye benchi, akafungua mfuko wa nailoni, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nyingi na kuniuliza kama huo ulikuwa mwandiko wangu.

Ulikuwa wangu. Miaka kadhaa kabla ya ziwa kufurika, kulikuwa na mpango wa kupitisha barabara bomani kwake, mbele kidogo ya ufuo wa Dunga, na mimi ndiye niliyetumwa kupima kila kitu ambacho barabara ingegusa: nyumba, miti, kaburi la mumewe. Barabara haikupita. Karatasi aliihifadhi.

Kisha maji yakapanda. Yaliingia jikoni, yakaingia chumbani, naye akahamia chumba cha kupanga mtaa wa Nyalenda, mjini. Yaliporudi nyuma yaliacha tope na mafunjo marefu kuliko mtu. Sasa alitaka kujenga tena, ila hakujua kaburi liko wapi, na hakuwa tayari kupika juu ya mumewe. Shemeji yake alisema liko karibu na uzio wa zamani wa minyaa. Yeye alisema hapana, lilikuwa ndani zaidi. Walikuwa wamebishana hadi wakaacha kusalimiana.

"Wewe ndiye uliyemwandika," akaniambia. "Basi nionyeshe."

Nilienda kesho yake asubuhi. Shemeji, mzee mkimya mwenye kofia ya pama, alikuwa amefyeka njia kwa panga. Nikasimamisha kifaa changu cha kupimia, kinachosoma setilaiti, juu ya nguzo yake, nikakiingizia namba za kaburi kutoka kwenye karatasi ile, na kuwaeleza kwamba kikiwa peke yake kinaweza kukosea kwa hatua kadhaa. Ili kiseme kweli ni lazima kisikilize kituo kilichofungwa juu ya paa la jengo moja mjini. Kituo hicho hakihami, na mahali kilipo panajulikana sawasawa, kwa hiyo kinajua setilaiti zinakosea kiasi gani saa hiyo hiyo, kisha kinatutumia marekebisho kwa mtandao wa simu. Yakifika, kosa linabaki upana wa vidole viwili.

Hayakufika. Nilipopiga simu mjini, fundi aliniambia umeme umepotea na betri ya kituo imekwisha nguvu. Tukangoja. Mbu wa mchana walitula. Mama alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, shemeji akasimama mbali naye, na mimi nikatazama namba zikichezacheza kwenye skrini, mara huku, mara kule. Saa nane ilipopita, kitu fulani ndani yangu kilikata tamaa. Nikachomeka kigingi mahali namba zilipokuwa zikizungukazunguka, nikasema, "Ni hapa." Sikusema kwamba sina hakika.

Mama alivua ndara akapiga magoti. Aliongea kwa Kiluo, polepole, kama anayempa habari za nyumbani mtu aliyetoka safari: nani ameolewa, nani amefariki, jinsi kitanda chao kilivyoelea hadi mlangoni, jinsi chumba cha Nyalenda kilivyo na joto. Ni lugha yangu pia. Nilisikia yote, nikajifanya nafuta kifaa.

Ndipo kifaa kikalia. Umeme ulikuwa umerudi mjini. Namba zikatulia, na kaburi lilikuwa hatua tano kutoka pale, upande wa ziwa, mbali na uzio wa minyaa.

Hakuna mwingine aliyeiona skrini. Shemeji alikuwa ameshaokota panga lake ili aondoke. Nilifikiria beseni la maji moto nyumbani na miguu yangu ndani yake. Nilifikiria pia jiko la mama, na mahali ambapo angelijenga kwa kuniamini.

"Mama, nisamehe," nikasema. "Nimekosea. Si hapo."

Alikitazama kigingi. "Kwa hiyo nimekuwa nikiongea na tope."

"Niliharakisha. Nilikuwa nimechoka."

"Hata mimi nimechoka," akasema, akaninyooshea mkono nimwinue.

Nikachomeka kigingi kingine. Shemeji akaenda kuchukua jembe, akachimba bila kuombwa. Kwenye kina cha goti jembe liligonga saruji. Alichimba pembeni kwa mikono mpaka ukingo ukaonekana, akavua kofia. Hakusema kwamba alikuwa amekosea, na mama hakumwuliza. Alimpa tu maji ya kunawa, kutoka chupa yake mwenyewe.

Mama hakupiga magoti tena. Alisimama kando ya shimo, tope limemkaukia kwenye leso, akamwambia mumewe kwamba mengine yote ameyasema pale karibu, bila shaka ameyasikia.

Nikampimia pembe nne za nyumba, mbali na kaburi, na ilipofika jioni shemeji akanisaidia kubeba sanduku la kifaa hadi barabarani. Nyumba ilijengwa mwaka huo huo, ya mabati, na siku moja nilipopita niliona omena, wale dagaa wa ziwani, wameanikwa mbele yake.

Lakini asubuhi iliyofuata siku ile ya kaburi, mkubwa wangu aliniambia kuna kazi inanisubiri Port Victoria. Niliomba siku mbili za kupumzika. Nikapewa moja.