Hotuba Iliyogoma Kufutika

Mtaani walimwita Daktari wa Flashi, na kosa lake la kwanza lilikuwa kuliamini jina hilo. Alikuwa na kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi chenye kompyuta mbili, moja ya kazi na nyingine ya kujaza nafasi. Mtu akimletea flashi iliyogoma, aliipokea kwa vidole viwili, akakunja uso na kuuliza, "Imeanza lini?" Nyingi zilipona. Zilizokufa, alisema zilicheleweshwa kuletwa.

Asubuhi hiyo mgonjwa alikuwa wake mwenyewe. Flashi ya bluu ilibeba picha za binti yake tangu akiwa mchanga, za kuonyeshwa ukutani kwenye ukumbi wa harusi kesho yake. Picha hazikuwa na neno. Tatizo lilikuwa faili tatu za sauti zilizojibanza katikati ya picha hizo, maana Daktari alikuwa akijirekodi kwa simu akifanya mazoezi ya hotuba ya baba wa bibi harusi, kisha anazihamishia humo ili azisikilize kwenye spika za kibandani. Ya kwanza alisoma kama anatangaza matokeo ya mtihani. Ya pili alisahau jina la mkwe. Ya tatu karatasi ilimshinda kabisa. Aliiweka kando akaanza kumwambia binti yake mambo ambayo hajawahi kumwambia, kwamba nyumba itapooza, kwamba hajui ataanza kumgombeza nani, kisha akaangua kilio huku mashine ya fotokopi ikiendelea kutoa kazi ya mteja. Kila alipomfikiria fundi wa mitambo wa ukumbini akibofya faili hiyo kwa bahati mbaya mbele ya wakwe, aliona lazima sauti hizo zitoke.

Basi akabofya kufuta. Kompyuta ikamjibu kwamba diski hii ni ya kusomwa tu, haiandikwi wala haifutwi.

"Unanijua mimi?" aliiuliza.

Haikumjua. Akaichomoa, akaipuliza, akaichomeka tundu jingine. Akafungua lile dirisha jeusi la amri ambalo huwafungulia wateja ili wamheshimu, akaandika amri ya kuondoa kizuizi. Kompyuta ikasema imekubali. Akajaribu kufuta, ikakataa. Akasaka virusi, hakuna hata kimoja. Akazima na kuwasha kila kitu, hadi feni. Wateja wawili waliofika aliwaambia kuna dharura, wakaondoka wakimpa pole, wakidhani amefiwa.

Mwishowe akavaa miwani, jambo ambalo angelifanya mapema kama si kiburi, akaigeuza flashi. Ubavuni ilikuwa na kiswichi kidogo kama punje ya mchele, cha kuifunga isiandikwe. Kilikuwa kimesukumwa upande wa kufuli, na juu yake kulikuwa na tone la gundi lililokauka. Gundi hiyo aliijua. Aliipaka yeye mwenyewe, juzi tu, ili virusi vya kompyuta za ukumbini visije vikaharibu picha za mwanawe. Tena alirudi nyumbani akamsimulia mkewe werevu wake, na mkewe akasema, "Haya," jibu alilozoea kuyapa mambo mengi ya mumewe.

"Daktari," alijiambia, "mgonjwa umemmaliza mwenyewe."

Akachukua kiwembe, akakwangua gundi taratibu, ulimi nje. Kiswichi kikang'oka, kikarukia chini kwenye vipande vya karatasi, na flashi ikabaki imefungwa vilevile.

Binti yake alimkuta amepiga magoti chini ya meza.

"Shikamoo, baba. Unatafuta nini?"

"Marahaba, mwanangu. Hakuna kitu. Yaani, flashi imegoma. Kuna uchafu humu nataka kuufuta."

Binti akaitazama flashi, kisha akaitazama rafu iliyopangwa flashi mpya za kuuza. "Si ungenakili picha kwenye mojawapo ya hizi, uchafu ukaubakisha huko huko?"

Daktari wa Flashi hakuinuka. Ushauri huo huo yeye huwapa watu kila siku, tena kwa kuwacheka.

"Ila usihangaike," binti akasema. "Mama alinipa flashi jana nizikague picha, nikazinakili zote. Na zile sauti nilizisikiliza."

"Zote?"

"Ya kwanza nilicheka. Ya pili nikampigia mchumba wangu asikie unavyolitafuta jina lake." Akachuchumaa, wakawa wanatazamana chini ya meza. "Ya tatu nimeiweka kwenye simu yangu. Kesho wewe soma karatasi yako tu, baba, usijitese. Mimi hotuba yangu nimeshaipata."