Mkate Mweupe wa Sabato

Kwetu, juu kidogo ya Keumbu, mtoto aliyefanikiwa hujulikana kwa mkate mweupe anaompelekea mama yake. Ndugu yangu mkubwa, mwenye ofisi mjini Kisii na tumbo linalomtangulia mlangoni, alileta mikate kila Sabato, na kreti ya soda juu yake. Aliishusha garini polepole, ili majirani waliotoka kanisani waione vizuri.

Mimi ni kitindamimba, niliyebaki na mama kama desturi inavyotaka. Hakuzaa binti, kwa hiyo alinifundisha mimi kupika. Ndugu yangu hulicheka jambo hilo mpaka leo.

Mama alikuwa ameanza kusahau. Alitia chumvi kwenye chai, akawaita wajukuu kwa majina ya marehemu. Daktari alitueleza kwamba sukari na presha zisipodhibitiwa huumiza na ubongo. Apunguziwe vitamu, arudi kwenye mboga na ugali wa wimbi. Yaani ale alivyotulisha sisi.

"Mama yangu ale majani kama ng'ombe?" ndugu yangu alifoka. "Watu watasema nini?"

Watu! Hao hao walioingia kunywa ile soda na kusema, "Huyu mama ametunzwa." Niliwadharau wote, na yeye zaidi. Daktari alipokazia, bwana mkubwa akaleta mkebe wa unga wa kuamsha akili, kutoka kwa mchuuzi mwenye kipaza sauti pale sokoni Daraja Mbili. Akaukorogea kwenye soda. Wanasema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Ndugu yangu ana upara.

Sabato moja mama alimtazama akipanga mikate mezani, akamuuliza kwa adabu, "Baba, wewe ni wa nyumba gani?"

"Mama anapenda utani," alisema, akachungulia simu yake. Hakungoja chai.

Mikate ile niliwatupia kuku. Nikachuma chinsaga, mboga yetu yenye uchungu, nikaichemsha katika chungu cha udongo, nikaitia maziwa na kuipasha tena na tena hadi ukali ukapungua. Niliomba imrudishe, japo kidogo. Mama akaonja, akakunja uso.

"Maziwa umeyatia mapema," akaniambia. "Kijana, mama yako hakukufundisha?"

Nikamjibu kwamba alinifundisha, nikarudisha chungu jikoni.