Simu ya Duka la Mdahoma

Kabla kompyuta haijaletwa, wateja wote wa karakana ya Mze Nouroudine walikaa kichwani mwa fundi Abdoulkarim. Friza ya nani imekufa, jenereta ya nani inakohoa, nyumba iko nyuma ya msikiti gani: muulize Abdoulkarim. Sasa huyu bwana alikuwa mtu wa Nzwani, kisiwa ambacho Wafaransa wanakiita Anjouan. Nzwani ilipotangaza kujitenga na visiwa vingine, akafunga spana zake akarudi kwao Mutsamudu, na kichwa chake akaenda nacho. Karakana pale Badjanani, Moroni, ikabaki inapapasa. Fundi anatumwa kwa mteja, anazunguka vichochoro mpaka jua linamchoma utosi, anarudi na spana zake safi.

Ndipo Mze Nouroudine akaagiza kompyuta kutoka Reunion, na programu ya kutunza wateja, akamkalisha msichana aitwaye Nourhane mbele yake.

Nourhane naye alizaliwa Mutsamudu. Alikuja Moroni kusoma, akapata kazi, akakaa kwa mama yake mdogo juu kule Mvouni. Miaka ile, Mnzwani ndani ya Moroni alijifunza kusema kwa sauti ndogo sokoni. Lakini kazi aliiweza, jamani! Kila mteja alipata kadi yake humo ndani: jina, mahali, simu, mashine aliyonayo, mara ya mwisho fundi alifika lini. Fundi akitaka kutoka, kompyuta inamchapia hati ya kazi, anashika njia.

Wateja wa Mutsamudu nao walitiwa humo, maana biashara haijui kujitenga. Na wa kichochoro kimoja cha mtaa wa Hamoumbou wote walikuwa na simu moja, ya dukani kwa Mdahoma. Ukimtaka fundi cherehani, piga kwa Mdahoma. Ukimtaka muuza samaki mwenye friza, piga kwa Mdahoma. Yeye hutoka mlangoni akapaza sauti, na mwenye simu yake huja mbio.

Humo humo Nourhane akamtia mama yake, Bahia Mzé. Friza hana, jenereta hana, ana mtungi wa maji tu. Lakini akishakuwa mteja, fundi yeyote anayevuka atakuwa na hati ya kumpitia, ampelekee sabuni, ampelekee salamu. Ujanja wa mtoto aliye mbali, nani wa kumlaumu? Na kila Ijumaa baada ya swala Nourhane alipiga dukani, Mdahoma akaita, na Bi Bahia akaja na kigoda chake mwenyewe chenye miguu ya kijani. Alisema hakai juu ya magunia ya mchele ya mwanamume kama mzigo unaosubiri hamali.

Bi Bahia alikuwa na kisukari, na alidungwa sindano kila siku. Mwanzoni mwa mwaka 2000 mambo yakachacha. Kisiwa kikawekewa vikwazo, simu zikakatwa, mashua zikawa za kubahatisha. Ijumaa Nourhane alipiga, akasikia kimya. Ijumaa ya pili, kimya. Aliyetoka huko alimwambia dawa hospitalini imekwisha. Basi akawa mtu wa kutembea na roho mkononi. Alibisha kila duka la dawa Moroni mpaka akaipata insulini, akaiweka kwenye jokofu la karakana, na furaha ikamfanya acheke peke yake.

Siku hiyo hiyo ya furaha, Mze Nouroudine aliingia ofisini amekunja uso. "Mwanangu, hii mashine imejaa watu wawili wawili. Nataka mteja mmoja, kadi moja. Isafishe."

"Ndiyo, Mze. Leo leo."

Programu ilikuwa na njia yake ya kusafisha. Ilitafuta kadi zenye simu moja, kisha ikauliza: huyu na huyu ni mtu mmoja, niwaunganishe? Loo, akili ya Ulaya! Kule kila mtu na simu yake. Huku kichochoro kizima na simu yake. Nourhane alijua hilo kuliko mtu yeyote. Lakini mawazo yalikuwa kwenye jokofu, kwenye dawa, kwenye mashua. Akabonyeza ndiyo. Ndiyo. Ndiyo. Fundi cherehani, muuza samaki na Bi Bahia, wote wakaingia ndani ya kadi ya Mdahoma mwenye duka, maana naye alikuwa mteja, na mashine ikashukuru.

Hakuona. Siku ya kufa nyani, miti yote huteleza.

Mashua ikapatikana ghafla, alfajiri, Nourhane yuko Mvouni. Fundi Fahami, mtu wa Moroni asiyewahi kukanyaga Mutsamudu, aliitwa mbio. Boksi la barafu lenye dawa lilikuwa tayari na limeandikwa namba ya mteja tu, bila jina, kwa sababu mizigo yenye majina ilipekuliwa sana bandarini. Mze Nouroudine akaitafuta namba, kompyuta ikaangukia kadi ile iliyounganishwa, ikachapa hati: Mdahoma, duka, Hamoumbou. Fahami akaenda.

Nourhane alipofika kazini akaambiwa boksi limeondoka. Akasema alhamdulillahi, akakaa, akafungua orodha ya Mutsamudu apate walau kulitazama jina la mama. Halikuwepo. Alitafuta kwa B, akatafuta kwa M, akatafuta kwa Hamoumbou. Palikuwa na Mdahoma peke yake. Hapo akaelewa. Alijipa moyo: Mdahoma si mtu baki, atalipokea boksi, atatoka mlangoni, atapaza sauti kama siku zote.

Fahami alirudi baada ya siku kadhaa, amekonda uso. Na boksi mkononi.

"Duka limefungwa, dada," alisema. "Limepigwa mbao. Nadhani mwenyewe amekimbilia kisiwa cha Mayotte."

"Hukuuliza watu?"

"Niulize kwa ulimi upi? Vijana wenye bunduki wamekaa pembeni ya njia. Neno moja tu la Kingazidja, lugha yetu ya Moroni, lingetosha kunitia mashakani. Ningesema nini, nimetoka Moroni na boksi?"

Nourhane alifungua kifuniko. Barafu imekuwa maji, maji yamekuwa ya moto, na vichupa vinaelea.

"Pale dukani hapakuwa na mtu kabisa?"

"Hapana. Bibi mmoja tu, kakaa barazani mbele ya ule mlango. Alilitazama boksi, akanitazama mimi, kama anayetaka kusema neno. Nikainamisha macho nikapita."

"Alikuwa amekalia nini, fundi?"

Fahami alishangaa. "Kigoda. Kigoda cha miguu ya kijani. Kwa nini?"

Nourhane alilia pale pale mbele ya mafundi, kilio cha kuinama, mpaka Mze Nouroudine akatoka ofisini akasimama, asijue mikono aiweke wapi. Ilikuwa Ijumaa Fahami alipofika kule. Simu imekatwa, duka limefungwa, na mwanamke amebeba kigoda chake kuja kungoja sauti ya binti yake.

Habari ya msiba ilizunguka kupitia Mayotte kabla ya kumfikia. Bi Bahia alikuwa amekwisha zikwa.

Baada ya hitima Nourhane alirudi kazini. Alifungua kadi mpya, akaandika: Bahia Mzé, Hamoumbou, Mutsamudu. Kwenye simu akaandika namba ya duka. Mashine ikamwuliza, huyu na Mdahoma wana simu moja, je, ni mtu mmoja?

Akabonyeza hapana.