Babu Alinipa cha Mjukuu

Ipo siku moja naikumbuka hata nikiwa usingizini mchana, mwanangu, na mchana mimi hulala sana. Ni siku niliyowasomea wazee wa kijiji chetu, jirani na Dutwa, historia yao wenyewe. Walicheka mpaka wakapanguza machozi, isipokuwa mmoja, aliyeinuka akachukua baiskeli yake akaenda zake bila kuaga.

Simiyu ilikuwa haijawa mkoa wakati huo. Mjini Bariadi alikuwapo mama mmoja, mwalimu mstaafu mwenyeji wa Bukoba, aliyefungua nyumba ya kuchapisha vitabu katika chumba cha uani kwake. Udogo wa chumba haukumzuia kitu. Alitoa riwaya za mapenzi, alitoa hadithi za mpelelezi aliyeshindwa kumkamata hata mwizi wa kuku, na pembeni yake alitoa historia za huku kwetu: ya wavuvi wa Kalemela, ya pamba, ya minada ya ng'ombe. Uongo mtamu na ukweli mchungu vililala meza moja na havikugombana. Sote tulimwita Mwalimu. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina kazi wala safari, akanituma nizunguke vijijini kuwauliza wazee habari za lambo letu kubwa la kunyweshea ng'ombe: nani alilichimba, na kwa nini.

Nizunguke? Mimi? Mtembezi hula miguu yake, nikajisemea, nami miguu yangu nilikuwa naipenda. Nikavuka uwanja wa nyumbani, nikaingia kwa babu yangu, nikaketi.

Wewe uliyekulia mjini huenda hili hujalionja. Kwetu babu na mjukuu ni watani. Guku, ndivyo tunavyomwita babu kwa Kisukuma, aliniita mwizi wa mke wake, kwa kuwa bibi alikuwa akinifichia maziwa ya mgando. Mimi nami nilikuwa nikimuuliza kila asubuhi mbona bado yu hai, na mji wake nataka kuurithi. Hakuna aliyekasirika, ndiyo mapenzi yetu yalivyokuwa. Basi nilipomuuliza habari za lambo, akatafuna michembe yake, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, taratibu, akanieleza kwamba babu wa jirani yetu Mzee Masunga alilewa pombe harusini, akatumbukia kwenye dimbwi la nyati, akalala humo. Kulipokucha akawatangazia watu kuwa amechimba lambo.

Nikaandika yote, tena kwa mwandiko mzuri. Mwalimu, mgeni wa mambo yetu, akafurahi. Alikuwa na desturi moja tu, nayo ndiyo iliyoniponza: historia haiendi kuchapwa kabla haijasomwa mbele ya wale inaowahusu. Ndipo tukafika siku ile ya baiskeli, maana aliyeondoka alikuwa Mzee Masunga mwenyewe. Mzaha mzaha, hutumbuka usaha.

Mwalimu aliniambia kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko fimbo, kwamba mzee yule asiporidhika kitabu hakitatoka, nami kazi sina. Kukosa kazi hakukunitisha, unanijua. Lakini watoto wa Masunga wakaacha kutusalimia, na mama yangu akawa anakwenda lambo lile lile kuteka maji akiwa ameinamisha kichwa. Hilo liliniuma. Na waliojua habari zenyewe walikuwa wanazidi kupungua.

Nikamwendea babu nimevimba. Nikamwambia amenidanganya.

"Ulikuja na mdomo wa mjukuu, nikakupa cha mjukuu," akasema. "Ukitaka cha kuweka kitabuni, niletee mtu nisiyeweza kumtania."

"Yupi huyo? Wewe unamtania hata mchungaji."

"Mama yako."

Mama yangu alikuwa mkwe wake, na mkwe hataniwi. Tangu aolewe, wale wawili walikuwa wakisemeshana kwa macho ya chini na sauti ya kanisani. Nikamsihi mama, akacheka kwanza, kisha akafunga kitenge chake vizuri, akaenda akapiga goti, akamwamkia, akaketi kando. Mimi niliamriwa kukaa jikoni, nisionekane. Nikaandika hapo nyuma ya ukuta, moshi ukinitoa machozi, na baadaye sikujua yalikuwa ya moshi au ya nini.

Maana babu aliyekuwa akisema pale sikuwahi kumsikia. Alisema mwaka wa ukame akina Masunga walichimba lambo wao na watoto wao, na ukoo wetu ukawa unapita ukiwacheka kwamba wanawachimbia ng'ombe kaburi. Mvua kidogo ikanyesha, maji yakatuama kwao, kwetu vumbi. Yeye, kijana wa kuchunga, ndiye aliyetumwa kwenda kuomba. Babu yake Masunga hakumuuliza kitu. Alisema, ng'ombe wanywe kwanza, maneno baadaye.

"Na hayo maneno, baba?" mama akauliza.

"Hayajasemwa mpaka leo," babu akajibu. "Sisi tukatunga ya dimbwi la nyati."

Siku ya kuwasomea wazee mara ya pili babu alikwenda mwenyewe, kashika fimbo yake, akasimama mbele ya wazee na kuyasema kabla sijafungua karatasi. Hakutania hata neno moja. Mzee Masunga alikuwa amefika, kasimama mbali kidogo. Akasogea karibu, akasema, "Tulikuwa tunangoja mseme ninyi. Tungesema sisi, ingekuwa kujisifu."

Akamshika babu mkono. Kitabu kikatoka.

Na lile dimbwi? Mwalimu hakulitupa. Akabadilisha majina, akalichapa katika kitabu cha hadithi. Mzee Masunga alinunua hicho kwanza, akasema cha kweli anakijua tayari.

Basi mwanangu, nisikilize mimi niliyejifunza kutembea kwa kuvuka uwanja wa nyumbani. Soma vitabu vya kwenu, hata vikitoka chumba cha uani. Soma hadithi ucheke, maana watu huficha aibu yao ndani ya kicheko. Kisha soma historia ujue walichokuwa wakificha. Usiitukuze hii ukaidharau ile. Na ukienda kumuuliza mzee, jitazame kwanza wewe ni nani kwake, kwa kuwa atakujibu kadiri ya ulivyomjia. Ukiona utani umekuzibia njia, tuma mwenye heshima, wewe ukae jikoni.

Mungu akukuze, akupe masikio kabla ya mdomo, na nyumba yako isikose wa kucheka naye wala wa kumwambia kweli.