Jina Langu Lilihitimu Bila Mimi

Waliposoma jina langu, nilisimama.

Nani asingesimama? Lilikuwa jina langu lote, langu, la baba na la babu, limepangwa vilevile kama Padri alivyoliandika siku niliyobatizwa. Nilikuwa nimekaa kwenye nyasi na wenzangu wa kikundi cha ngoma, ngoma yangu katikati ya magoti, tukisubiri zamu ya kuburudisha wageni. Yalikuwa mahafali ya kidato cha nne, Mpanda mjini, mwishoni mwa miaka ya sabini. Kipaza sauti kikaita jina, mimi nikainuka, na ngoma ikabiringika mpaka karibu na viatu vya mgeni rasmi.

Watu walicheka sana. Angalau siku yao ilinoga kwa ajili yangu.

"Bado, ndugu yangu," mwalimu mwenye kipaza sauti aliniambia kwa upole. "Ngoma ni baada ya vyeti. Kaa chini."

Nikakaa. Kwenye mstari wa wahitimu akatoka kijana mrefu, shati jeupe, suruali imenyooshwa kwa pasi mpaka unaweza kukatia nyanya. Akapokea cheti chenye jina langu, akapeana mkono na mgeni rasmi, akapigiwa makofi. Nilimtambua kabla hajafika mezani. Tulikaa dawati moja miaka mitatu.

Jina lenyewe sitaliandika hapa. Sijui mwenzangu analitumia kwa shughuli gani hivi sasa, nisije nikamharibia. Na ya wengine sitayaandika pia. Lakini vyeo nitavitaja, na wenyewe watajijua. Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo anayetaka maandishi mazuri amwombe yule aliyesoma kwa jina langu.

Nianze mwanzo sasa.

Kwetu ni upande wa Kibaoni, kwenye mpunga. Baba alikufa nikiwa mdogo, akaacha mizinga ya nyuki porini na hilo jina. Mama alinipeleka shule kwa ukali, na kwa bahati mbaya nikawa na akili ya hesabu. Nasema bahati mbaya kwa sababu ningekuwa mzito kama wenzangu, jina langu lisingetamaniwa na mtu.

Darasa la tano, Mwalimu Mkuu alileta mdogo wa mke wake aje kuishi nao. Akamkalisha dawati moja na mimi. "Huyu ni shemeji yangu," alisema mbele ya darasa. "Wewe unajua hesabu, msaidie kama ndugu yako." Nilimsaidia kweli. Sehemu zilimshinda kabisa yule kijana. Ukimwambia nusu na robo anakuangalia kama umemtukania mama yake. Nilikuwa namaliza za kwangu, nasogeza daftari kidogo, naye ananakili. Akikosea hata kunakili, namrekebisha.

Nisiseme uongo, alikuwa rafiki mzuri. Nilipougua malaria wakati wa kulima shamba la shule, alilima matuta yangu yote na yake, nisije nikachapwa. Alikuwa na raba, mimi peku. Siku za ukaguzi tulikuwa tunavaa kwa zamu, yeye mstari wa mbele, akishakaguliwa anazivua haraka, ananipitishia kwa nyuma. Walimu walijua. Walikuwa wanageuza uso. Walimu wetu wote walikuwa hodari wa kugeuza uso.

"Tukichaguliwa sekondari," aliwahi kuniambia, "tutalala kitanda kimoja, wewe chini, mimi juu."

"Kwa nini wewe juu?"

"Kwa sababu wewe unakoroma."

Tukafanya mtihani wa darasa la saba. Ulikuwa mwaka ule tuliohamishwa kwenda kijiji kipya, watu wanajenga nyumba za miti na nyasi, vitu viko nje, kuku wanatafutana na wenyewe. Siku moja Mwalimu Mkuu alikuja nyumbani kwa baiskeli. Mama akapangusa kigoda, akapiga magoti kumsalimia.

"Mama, nimekuja kwa jambo dogo," alisema. "Kadi ya ubatizo ya kijana. Huku kuhama huku, mchwa watakula. Nataka niitunze ofisini, kwenye sanduku la chuma."

Kadi ile ilikuwa karatasi pekee duniani yenye jina langu. Mama aliingia ndani, akaitoa kwenye fundo la kanga, akamkabidhi kwa mikono miwili. "Mwalimu, Mungu akulipe," alimwambia. Na alilipwa. Mama alimpa kibuyu cha asali, ya mizinga ya marehemu, aende nayo kwa watoto.

Wiki mbili baadaye tukapangwa mstari. Mwalimu Mkuu alisimama mbele na uso wa msiba.

"Mwaka huu shule yetu haikupata nafasi hata moja," alisema. "Msihuzunike. Taifa linahitaji wakulima."

Mimi nililia. Rafiki yangu alilia zaidi yangu, mpaka mimi nikaacha kulia ili nimbembeleze. Nikiikumbuka siku ile nampa hongera. Kulia vile bila sababu ni kazi ngumu.

Mwezi haukwisha, akaniaga. Alisema anakwenda kwa mjomba wake kutafuta kibarua. Nilimsindikiza mpaka barabarani kusubiri lori. Sanduku lake la bati nililibeba mimi kichwani, mwendo wa saa nzima, kwa sababu alisema shingo inamuuma. Ndani ya sanduku kulikuwa na nguo mbili, sabuni, barua ya kuitwa shule, na kadi yangu ya ubatizo. Hivyo viwili vya mwisho nilikuja kuambiwa baadaye, na yeye mwenyewe. Jina langu nililibeba mimi mwenyewe mpaka kwenye lori, nikalipandisha.

"Nitakuandikia," aliniambia.

"Uandike kwa herufi kubwa," nilimjibu, "mwandiko wako ni wa kuku."

Hakuandika. Alikuwa na masomo mengi.

Miaka minne nikalima mpunga na kupiga ngoma. Kikundi chetu kikasifika, kikaanza kuitwa kwenye sherehe, ndiyo tukapakiwa kwenye lori kwenda Mpanda kuburudisha wasomi. Na ndivyo nilivyojikuta kwenye nyasi, nimeokota ngoma yangu miguuni pa mgeni rasmi, watu bado wanacheka.

Baada ya vyeti, wahitimu walipewa nafasi ya kusema kuhusu miaka yao ya shule. Mmoja alimshukuru mpishi kwa uji. Mmoja akamkumbuka mwalimu wa fizikia aliyewachapa mpaka wakaipenda fizikia, walimu wakacheka, yule wa fizikia akasimama akapunga mkono. Wengine walishikana mabega na kuapa kutosahauliana. Halafu akaitwa tena jina langu. Safari hii sikusimama.

Rafiki yangu alikuwa na karatasi, lakini hakuisoma. Alisema vizuri, Kiswahili kimenyooka. Alisema mtu anajengwa na marafiki na walimu. Alisema yeye asingefika pale bila Mwalimu Mkuu wake wa shule ya msingi, "ambaye alikuwa kwangu zaidi ya baba, na leo yupo hapa." Nikageuka. Kweli, Mwalimu Mkuu alikuwa kwenye viti vya wageni, koti jeusi, ananyanyua kofia. Halafu rafiki yangu akasema kuna mwenzake wa dawati moja aliyemfundisha sehemu, ambaye hakubahatika kuendelea.

"Popote alipo," alisema, "ajue kwamba nusu ya cheti hiki ni yake."

Wakapiga makofi. Mama mmoja karibu yangu alifuta machozi kwa upindo wa kanga. Angalau sehemu hatimaye zilimwingia kichwani, nusu amejua kuitaja.

Kiongozi wetu wa ngoma alinikanyaga mguu. "Wewe, amka. Zamu yetu." Nikapiga ngoma. Nilipiga vizuri, waulizeni waliokuwepo. Mgeni rasmi alikuja kutuzunguka akicheza.

Tulipomaliza, rafiki yangu alinifuata nyuma ya jiko, ana sahani ya pilau mkononi. Hatukusalimiana.

"Jina langu," nilimwambia.

"Najua."

"Umelipata wapi?"

Akaniambia yote bila kuficha: orodha iliyokuja na jina langu peke yake, shemeji yake aliyesema nafasi ikiachwa itapotea bure, barua, kadi, sanduku. Alisema kama anaeleza habari za mvua. Halafu akaniuliza, na hakuwa ananidhihaki, alikuwa anauliza kweli:

"Sasa wewe ungelifanyia nini?"

Nikamwambia nakwenda kwa mgeni rasmi sasa hivi.

"Nenda," alisema. "Shemeji atafungwa. Na mama yako je? Kadi aliitoa nani? Alimpa Mwalimu kwa mkono wake, na asali juu. Wataandika aliuza nafasi ya mwanawe. Unataka mama alale mahabusu?"

Mama yangu, aliyekuwa anamwogopa hata karani wa pamba. Nilimwona amesimama mbele ya polisi, amepiga magoti kuwasalimia.

Akanipa sahani. "Kula, ndugu yangu. Umetoka mbali."

Nikala. Hilo ndilo ninalolisema kwa shida kuliko yote. Nilikuwa na njaa, mchele ulikuwa wa kwetu, nikala mpaka nikalamba vidole. Naye akachukua sahani tupu akairudisha jikoni, maana alikuwa mtoto mwenye adabu.

Nilinyamaza. Nilidhani jina limekwenda tu kusoma, halitanirudia. Miaka michache baadaye nikapata mchumba, tukaenda kwa Padri kuandikisha ndoa. Kadi sina, nikasema ilipotea kwenye kuhama. Padri akasema hakuna neno, akafungua daftari kubwa la ubatizo, akateremsha kidole mpaka kwenye jina langu. Kidole kikasimama. Kanisani kwetu, mtu akifunga ndoa popote, parokia aliyobatizwa inaarifiwa na kuandika pembeni ya jina lake. Padri akanitazama juu ya miwani.

"Kijana, mke wako umemwacha wapi?"

Nilikuwa nimeoa. Tabora, ndoa takatifu, mashahidi wawili. Nilikuwa nimepata na kipaimara, cha Askofu kabisa. Kumbe nilikuwa na maisha mazuri, ila sikuwa na habari nayo.

Mimi na mchumba wangu tukatoka nje. Tukatembea kidogo.

"Ni kweli una mke?" aliniuliza.

Nikamweleza yote, pilau pia. Alicheka pale kwenye sahani, halafu akakaa chini kando ya njia na kulia. Nikamwambia siwezi kusema kwa Padri, kwa ajili ya mama. Akajifuta, akasema, "Basi twende nyumbani, mama atakuwa amepika." Tukaoana kwa wazee, kwa mahari na pombe.

Tangu hapo mke wangu hapokei Komunyo. Kwa daftari, yeye anaishi na mume wa mtu. Kila Jumapili watu wanapanga mstari kwenda mbele, yeye anasogeza magoti kwenye benchi ili wapite. Wanawake aliowafundisha sala wanapita. Watoto wetu wanapita. Hajawahi kunilaumu. Ila siku moja alisema, huku akichambua mchele, "Ningependa kuzikwa na misa." Akaendelea kuchambua.

Mama alikufa mvua zilizopita. Hakuwahi kujua, mpaka mwisho alikuwa anamsifu Mwalimu Mkuu kwa kuniombea nafasi, akiniambia hukubahatika tu, mwanangu. Tulipomaliza matanga nilikwenda kwa Padri wa sasa, kijana mwenye huruma, nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema ananiamini, lakini daftari halifutwi kwa maneno ya mtu mmoja. Lazima aje mmoja wa wale wawili, aseme mbele yake na kutia sahihi.

Barua nimeandika mbili. Moja kwa Mwalimu Mkuu, amestaafu, anakaa Shanwe, pale Mpanda mjini, nasikia ana nyumba ya bati na ni mzee wa kanisa. Moja kwa rafiki yangu, ni ofisa mahali, karibu naye atastaafu, na pensheni italipwa kwa jina langu. Alale nayo. Kazi siitaki, cheti sikitaki, hata ile nusu aliyonigawia kwenye kipaza sauti namwachia. Barua hazikujibiwa.

Kwa hiyo naandika hapa. Mwalimu Mkuu, uliyekuja na baiskeli ukala asali ya marehemu: uliza yeyote wa Kibaoni atakuonyesha kanisa. Na wewe rafiki yangu, uliyelima matuta yangu nilipougua, ulikuwa na shingo inayouma na miguu mizima. Njoo nayo hiyo miguu. Aje mmoja wenu, yeyote, mimi sichagui. Ofisi ya Padri inafunguliwa Jumatatu na Alhamisi asubuhi. Mke wangu atakuwa amekaa kwenye benchi nje, mlango wa kushoto. Usipitie kwangu. Msalimie yeye, mwambie wewe ni nani, umwambie jina lako halisi, halafu uingie ndani ukaseme.

Na kadi yangu uje nayo.