Mgeni wa Barabara ya Chini

Wanaosema nimerukwa na akili waseme, nimeshawazoea. Padri alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nipumzike. Dada yangu Kavira alisema ni njaa. Jirani akasema vita vimeniingia kichwani. Wote nawajibu neno moja: nendeni kwenye lile kanisa lililomezwa na lava, mpite nje ya ukuta wa kushoto, kisha mtazame chini. Kiatu changu cha kulia kipo pale, ndani ya jiwe, vinaonekana ukanda na kisigino tu. Tangu lini njaa ikafunga kiatu ndani ya jiwe?

Kazi yangu ni kutembeza wageni hapa Goma. Zamani walikuja kwa ajili ya mlima wa volkano na sokwe, na mimi nikawauzia safari yangu ya mjini, nusu siku kwa miguu: bandari ya ziwani, nyumba za Wabelgiji, sanamu ya mtu na chukudu yake, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, na mwisho kanisa. Kanisa lenyewe ni kuta zilizosimama ndani ya mwamba mweusi hadi kifuani. Mlima ulipotapika nilikuwa na miaka kumi na miwili. Lava ilishuka katikati ya mji, ikaingia kwa mlango mkubwa, ikakaa.

Papa, baba yangu, alikuwa sakristani pale, mtunza funguo na chumba cha vyombo vya misa. Siku hiyo alituvusha mpaka wa Rwanda mimi, mama na Kavira, tukiwa na sufuria moja na godoro. Tulipofika ng'ambo akakumbuka vitabu vya ubatizo. Alisema mtu asiyeandikwa popote ni rahisi kumkana, na watu wetu wamekwishakanwa vya kutosha. Akarudi kuvichukua. Mimi nilikaa juu ya godoro nikimngoja mpaka giza likaingia. Hatukupata hata kifungo cha shati lake, na mpaka leo mama hataki kumwita marehemu.

Sasa lazima nikueleze tabia yetu, bila hiyo hutaelewa kilichonipata. Sisi watu wa Goma tunaelekezana kwa vitu ambavyo havipo. Ukiuliza njia utaambiwa: shuka mpaka pale palikuwa posta, kata kushoto kwenye ile garaji iliyoungua, nyumba inatazamana na duka la mkate. Posta hakuna, garaji hakuna, mkate ndio usiseme, na bado utafika. Niliwahi kutembeza bwana na bibi kutoka Uholanzi, wakacheka mpaka wakafuta machozi. Yule bibi alinionyesha mji wao kwenye simu: kanisa la matofali lenye miaka mia sita, mnara ulioinama kidogo, daraja, nyumba walimokuwa wakipimia jibini. Aliniambia kwao ukimwelekeza mtu unanyoosha kidole tu, kwa sababu kila kitu bado kimesimama. Nilimwonea wivu, siwezi kuficha.

Haya. Siku yenyewe vita vilikuwa vimerudi kwenye barabara ya Rutshuru. Tangu asubuhi watu wa Kibumba walikuwa wanaingia mjini, magodoro kichwani, mbuzi kwa kamba, vyungu vimefungwa kwenye chukudu. Kavira aliolewa huko Kibumba, naye alifika kwetu na watoto wanne na mbegu za maharage kwenye kitenge. Mimi nilitoka kutafuta makaa. Watu husema mizimu ni ya usiku. Huyu wangu alikuja saa sita mchana, jua utosini, mji mzima ukiwa barabarani.

Alikuwa amesimama chini ya sanamu ya chukudu, mzee mrefu mwenye suti ya kahawia na kofia mkononi. Nilimtazama viatu kwanza, ni mazoea ya kazi. Vilikuwa safi kabisa. Katika mji huu wa vumbi jeusi, hata askofu hana viatu safi saa sita mchana.

"Bonjour, mama," akasema, kwa Kiswahili chetu cha Goma, ambamo "ndiye" ni "njo". "Banasema weye njo unatembezaka bageni."

"Njo miye, papa. Lakini leo batu banakimbia. Utaangalia nini?"

"Nataka kuona muji. Ni siku mingi sijaiona. Unifikishe mpaka ku kanisa."

Mtu mwenye akili angekataa, si ndiyo? Mimi nilikubali. Ilikuwa miezi mitano hakuna mtu aliyeniomba nimtembeze, na nilikuwa nimechoka kuona kila kitu kikisimama kwa sababu ya bunduki za watu wengine. Nikajiambia: wakimbie wanaokimbia, mimi leo nafanya kazi yangu.

Tukaanza kushuka. Alikuwa mgeni mzuri, wa kusikiliza. Kila hatua chache alionyesha mahali akauliza, "Na pale kulikuwaka nini?" Nami, kwa ile tabia yetu, nikamjibu kama ambavyo ningemjibu mtu yeyote. Pale palikuwa posta. Pale palikuwa hoteli ya Mgiriki. Pale palikuwa kinyozi, nyuma yake palikuwa shule. Aliitikia kwa kichwa kila mara, ameridhika.

Tulipofika inapoanzia lava niliona amekuwa mfupi. Nilidhani ni mteremko. Mbele kidogo bega lake, ambalo mwanzo lilikuwa juu ya kichwa changu, lilikuwa sawa na kiwiko changu. Hapo ndipo nilipotazama chini. Niamini, au usiniamini, haitabadilisha kitu. Yule mzee alikuwa anatembea ndani ya mwamba. Ulikuwa umemfika kiunoni, na yeye anakwenda polepole, anayumbisha mikono, wala jiwe halipasuki. Alikuwa anatembea kwenye barabara ya zamani, ile iliyo chini, kama haikuwahi kufunikwa. Mwanaume mmoja wa Kibumba alikuja na chukudu yake imejaa viazi, akapita palepale alipokuwa, hakukwepa wala hakusimama.

Utaniuliza kwa nini sikukimbia. Nilikuwa nimeshageuza mwili, naye akasema bila kugeuka, "Papa yako iko ku sakristia. Iko na bitabu mukononi. Iko nakungoja."

Nani alimwambia habari za vitabu? Watu wanne tu duniani walijua papa alirudia nini, na mmoja wao ni papa mwenyewe. Acha niseme wazi: nilimtaka baba yangu. Nimekuwa mtu mzima, nimezika mume, na bado kila nilipofikisha wageni kwenye ule ukuta nilikuwa natafuta kwa macho. Kwa hiyo nikamfuata.

Akauliza tena kulikuwa na nini hapa. Nikasema palikuwa duka la mkate. Papo hapo nikasikia harufu ya mkate wa moto, na ardhi ikawa laini chini yangu. Miguu yangu ilikuwa imeingia hadi vifundoni. Haikuuma. Lilikuwa joto la jivu la moto uliozimwa jana. Kufikia hapo yeye alikuwa amebaki kichwa tu juu ya jiwe, na ndipo nilipoelewa kwamba hakuhitaji kuongozwa hata kidogo. Njia aliijua. Kila nilipotaja kilichokuwapo nilikuwa najirudishia mji ule wa chini, posta kwa duka, nami nazama nao.

"Inabakia kidogo, mama," akasema, ametulia sana. "Mulango ya kanisa ilikuwaka wapi?"

Mlango ule naujua kuliko mlango wangu. Ulikuwa mbele yangu, hatua kumi na mbili, mbao nene zenye misumari mikubwa, na papa alikuwa akiufungua kila alfajiri. Jibu lilikuwa limeshafika mdomoni. Na chini, ndani kabisa, nikasikia funguo. Alikuwa na desturi ya kuzitikisa mara mbili kutuamsha kwa misa. Zikatikiswa mara mbili.

"Mama," papa akaniita, maana ndivyo alivyoniita tangu nizaliwe. "Shuka, mama. Niko peke yangu huku."

Mwamba ulikuwa umenifika kwenye vigimbi vya miguu. Nililia, sioni haya kusema. Lakini katikati ya kile kilio kikapanda kitu kingine, na kitu hicho kilikuwa hasira. Kule nyumbani kulikuwa na mama anayemngoja mtu miaka yote hiyo, na dada aliyetembea tangu usiku na watoto wanne, na mimi nilitumwa makaa. Niache hao wote nikakae na wafu, kwa sababu wafu wameita kwa upole? Papa alitugeuzia mgongo mara moja kwa ajili ya vitabu. Mimi nitawageuzia wao mgongo kwa ajili ya nini?

Nikamkumbuka yule bibi wa Uholanzi na kidole chake. Nikanyoosha changu, nikaanza kumtembeza mgeni wangu upya, kwa sauti, mbele ya watu wote.

"Hapa kuko nyumba ya mbao, Mama Zawadi iko nauzisha makala. Hapa kuko saluni. Hapa kuko ukuta ya mawe, tuliijenga sisi, kwa lava ileile yenye ilitufukuza. Hapa kuko batu ya Kibumba, banapita, bako bazima."

Kwa kila kitu nilichokitaja jiwe lilinitema kidogo. Nikataja turubai, nikataja bomba la maji, nikataja mbuzi aliyekuwa amesimama ananitazama. Mguu wa kushoto ukatoka. Wa kulia ukakwama, na nilihisi kama umeshikwa, siwezi kuapa kwa mkono wa nani. Nikauchomoa kwa nguvu zangu zote, kiatu kikabaki. Yule mzee hakukasirika. Alivaa kofia yake, na kofia ikaenda chini polepole mpaka mwamba ukawa mwamba.

Nikapiga magoti pale, nikaongea na jiwe. "Papa, miye sishuki. Kama unanipenda, panda weye." Kisha nikanunua makaa kwa Mama Zawadi, nikaenda nyumbani na kiatu kimoja.

Kisigino changu cha kulia kina kovu jeupe, na mvua ikikaribia linapata joto. Vita viliingia mjini baadaye, kama unavyojua, wengi wakavuka mpaka tena. Sisi tulibaki, na maharage ya Kavira tumeyapanda kwenye magunia ya udongo uani, juu ya lava. Neno "palikuwa" sijalisema tena nikiwa kule mjini. Nikikaribia kulisema nasikia ardhi inalegea, na nafunga mdomo.

Mtu mmoja tu hakunicheka. Nilipomaliza kumsimulia, mama alishika pindo la kitenge chake. Kisha akauliza, "Alikonda?" Nikamwambia sikumwona, nilimsikia tu. Akaniomba nimpeleke kesho yake. Nilimkatalia, na sikuwahi kumkatalia mama jambo lolote. Alinuna wiki nzima. Anune, lakini awe juu.

Na wewe unayenisikiliza, ukija Goma mtu akakuuliza njia, mwonyeshe kilichopo. Akikuuliza kulikuwa na nini, tazama viatu vyake kwanza. Vikiwa safi, mnyooshee kidole, taja vitu vilivyosimama, na usimfuate hata hatua moja, hata akikutajia mtu unayempenda. Hasa akikutajia huyo.

Na kama maneno haya yanafika huko chini, papa, sikiliza vizuri. Nyumba yetu ina bati la bluu. Mbele kuna tangi la maji, kando kuna magunia ya maharage, mlango unaangalia ziwa. Mama anakaa mlangoni tangu saa kumi. Njia ni kupanda tu.